Kisamvu cha Jumamosi, huku Ufaransa

Ndugu zangu wanaoniuliza kila siku huku mnakula nini, jamani tunakula vizuri tu, na ugali tunasonga. Siku za shule watoto wanakula kantini na hapo Wafaransa nawapa heko kwa kweli, mtoto wa chekechea anakaa mezani ametulia, anaanza na saladi, ndo chakula chenyewe kinafuata, halafu jibini au mtindi, mwisho tunda, hakuna kula mbiombio. Na sheria inataka kila wiki angalau mlo mmoja uwe hauna nyama wala samaki. Saa kumi na nusu wakitoka wanataka mkate na chokoleti, hiyo usiposhika mkononi pale getini utasikia kilio.

Ila Jumamosi ni yetu. Napanda metro, treni ya chini ya ardhi ya Paris, laini ya 4 nashuka mtaa wa Château Rouge, ukitokeza tu juu ni Afrika, kina mama wanauza mahindi ya kuchoma, mihogo, ndizi, pilipili, na Wakongo ndo wenye soko lao pale, ukibahatika kupata mama wa Bukavu au Goma mnaongea Kiswahili mpaka bei inashuka. Unga nachukua hukohuko, mweupe, maana ule wa njano wa supamaketi ni wa polenta, ule uji mzito wa Waitaliano, ugali wake haushiki. Kisamvu kipo kwenye friza kimeshatwangwa, nakichemsha muda mrefu bila haraka, natia karanga, tui la kopo nalimalizia mwishoni moto ukiwa mdogo, baba watoto anakaanga perege madirisha yote wazi. Huyu wetu mdogo anakula ugali kwa mkono safi kabisa, akimaliza anakata kipande cha baguette, ule mkate mrefu wa Kifaransa, anafuta mchuzi wote kwenye sahani, na mimi simkatazi, ndo mtoto wa huku na huko.

Ninachokikosa hasa ni dagaa wa Mwanza, wanaouzwa huku mimi hawanikolei kabisa. Kwahiyo dada zangu mnaokuja likizo, nyama na maziwa msibebe kabisa, forodha wanachukua vyote, lakini samaki mkavu wa kula mwenyewe anaruhusiwa mpaka kilo 20. Mimi hata kilo mbili tu zinanitosha, mfunge vizuri kwenye mifuko miwili, harufu isije ikaingia kwenye nguo.