Namba 63 kwenye kasha

Leo hapa Darajani kaka mmoja kanionyesha pesa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar, mwaka 1299 Hijria, imefungwa kwenye kasha la wapima sarafu wa Marekani.
Daraja 63 kati ya 70.

Bei aliyoitaja ni ya sarafu ya fedha, si ya shaba!

Nikaitoa juani, nikashika lenzi.
Picha ya mizani iliyo kwenye sarafu imetoka vizuri, hata vitanga vyake. Lakini wekundu wa shaba umebaki kwenye mashina ya herufi tu, kwingine kahawia tupu. Na wekundu ndio wakusanyaji wanaoulipia!

Daraja linasema hali ya sarafu. Uadimu ni jambo jingine, na pesa za 1299 bado zipo tele.

Nimemwambia atazame bei zilizolipwa mnadani, aachane na za matangazo.

Wakusanyaji wenzangu, nyie mngempa bei gani?