Akaketi Kisimani Saa Sita: Tafakari ya Dominika ya Tatu ya Kwaresima

Tumsifu Yesu Kristo.

Injili ya Dominika hii, kwa Mwaka A wa liturujia, inatupeleka Sikari, mji wa Samaria, penye kisima cha Yakobo. Mwinjili Yohane, ambaye mara nyingi hutupandisha upesi kwenye mafumbo ya juu, safari hii anaanza na mwili. Yesu alikuwa amechoka kwa safari, akaketi kisimani, na ilikuwa yapata saa sita. Wanafunzi walikwenda mjini kununua chakula, lakini Yeye hakwenda nao. Alibaki ameketi, na mwanamke Msamaria alipofika kuteka maji, neno la kwanza lililotoka kinywani mwa Bwana lilikuwa ombi la maji ya kunywa.

Wiki hii ningependa tukae kidogo na aya hiyo ya sita kabla ya kukimbilia maji ya uzima ambayo Yesu anamwahidi mwanamke huyo. Nawaandikia hasa wale kati yetu wanaoishi na maumivu ya viungo yasiyoisha, nami nikiwa mmoja wao, kwa sababu Kwaresima hutukuta katika majira magumu kuliko yote ya mwaka.

Hapa Pwani mwanzo wa Machi ni mwisho wa kaskazi. Upepo uliokuwa ukituburudisha tangu Desemba unalegea, masika hayajaanza sawasawa, kusi bado iko mbali, na hewa husimama. Mchana joto hufika nyuzi 32 au 33, usiku halishuki sana chini ya 25, na kwa kuwa hewa imejaa unyevu wa bahari, jasho halikauki mwilini, ilhali ni kule kukauka kwa jasho ndiko kunakoupoza mwili. Asiye na maradhi huchoka. Mwenye baridi yabisi au jongo huingia katika taabu ambayo jirani yake haioni, tena mara nyingi huambiwa, kwa nia njema kabisa, kwamba joto ni dawa ya viungo na kwamba angepaswa kuushukuru msimu huu.

Ni kweli kwamba maji ya uvuguvugu hulegeza misuli iliyokakamaa, na wapo wagonjwa wanaoteseka zaidi wakati wa baridi ya Julai. Lakini baridi yabisi ile ambayo kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia utando wa ndani wa viungo, na ambayo huwapata wanawake zaidi ya wanaume, hukifanya kiungo chenyewe kivimbe na kuwaka moto, na kiungo kinachowaka hakihitaji moto mwingine. Tena mwili unapojaribu kujipoza hutanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, maji huvujia kwenye nyama za miguu na vidole, na asubuhi ya Dominika mama anagundua kwamba pete ya ndoa haitoki na kiatu cha kwendea Misa hakiingii. Kwa mwenye jongo, mwili ukipungukiwa maji asidi ya yuriki hukolea katika damu, fuwele zake hujikusanya ndani ya kiungo, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu, na usiku mmoja wa jasho jingi na maji machache unaweza kumlaza siku kadhaa.

Kuna jambo jingine ambalo afadhali niliseme wazi, kwa sababu limewaumiza wengi kimyakimya. Saa ya ubaridi hapa kwetu ni alfajiri, na kwa hiyo jumuiya zetu ndogo ndogo hukutana Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, na Misa ya kwanza hupendwa kwa sababu hiyo hiyo. Lakini kwa mwenye baridi yabisi, alfajiri ndiyo saa ambayo viungo vimekakamaa kuliko saa zote. Vidole havikunjiki kushika kitasa cha mlango, magoti hayakubali ngazi, na hali hiyo huweza kudumu zaidi ya saa nzima tangu aamke. Viungo vinapoanza kulegea, jua limekwisha kuwa kali, na safari ya miguu hadi kanisani, iliyokuwa nyepesi saa kumi na mbili kwa watu wengine, sasa inamshinda kwa sababu ya joto. Anaachwa bila saa yake. Anayehesabu mahudhurio huona nafasi tupu kwenye daftari, na minong'ono ya uvivu huanzia hapo.

Aliyekipa kisima kile jina lake aliijua hali hiyo. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 32, kinaeleza jinsi Yakobo alivyoshindana usiku kucha penye kivuko cha Yaboki na mtu asiyemtambua, akaguswa panapo uvungu wa paja hata kiungo kikateguka, na palepale akapewa baraka na jina jipya la Israeli. Kulipokucha, Maandiko yanasema, jua lilimzukia naye akichechemea. Baraka na kuchechemea vilimpata usiku mmoja, kwa mkono mmoja, na hakuna mahali popote katika Mwanzo panaposema kwamba paja lile lilipona. Nasisitiza hili kwa sababu wapo wahubiri wanaowaambia wagonjwa kwamba maradhi yanayokaa ni ushahidi wa imani haba, na wengine huthubutu kuwaambia waache dawa. Mafundisho hayo yamewapotezea watu viungo na figo, na yanapingana waziwazi na habari za baba wa makabila 12, ambaye aliitwa Israeli huku akiwa kilema.

Lakini sehemu ninayoipenda zaidi ni ya siku iliyofuata, ambayo husomwa mara chache. Esau, kaka yake, mtu wa nguvu aliyekuja na watu 400, anamwambia waondoke pamoja. Yakobo anakataa kwa adabu: bwana wangu atangulie, nami nitakwenda polepole, kwa mwendo wa wanyama na wa watoto. Yeye mwenyewe anataja watoto na mifugo inayonyonyesha, ambayo ingekufa kama ingekimbizwa siku moja tu, lakini ni vigumu kusahau kwamba anayesema maneno hayo aliteguka paja usiku uliotangulia. Hakujilazimisha kufuata mwendo wa kaka yake ili aonekane mzima. Akafika Sukothi, akajenga nyumba, na mifugo yake akaitengenezea vibanda, yaani aliitafutia kivuli. Kisha akaendelea hadi Shekemu, akanunua kipande cha ardhi, na ni katika nchi hiyo, karibu na shamba alilompa Yusufu, ndipo Yesu aliketi saa sita mchana. Mwendo wa polepole ulifika.

Kwa hiyo tusione haya kutafuta kivuli. Anayepanga kwenda sokoni saa kumi na moja jioni badala ya saa sita, anayelala na kanga iliyoloweshwa maji kifuani umeme unapokatika na feni kusimama, anayekanda goti lililovimba kwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 au 15, anayetembea na mwavuli hata kama vijana wanamcheka, huyo anautunza mwili ambao Mtume Paulo anauita hekalu la Roho Mtakatifu. Tena kunywa maji kidogo kidogo tangu asubuhi, bila kungoja kiu, ni wajibu wa kila siku kwetu msimu huu, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo, ambaye lazima apate kipimo chake kwa daktari.

Hapo ndipo swali la mfungo linapokuja, nalo huulizwa kila mwaka. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1252, inawahusu waliofikia utu uzima hadi mwanzo wa mwaka wao wa 60, na siku za lazima za kufunga ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Kanisa halimtaki mgonjwa ajidhuru hata katika siku hizo mbili. Jirani zetu Waislamu, ambao miaka hii Ramadhani yao inakutana na Kwaresima yetu, nao wana ruhusa kwa mgonjwa katika Kurani, sura ya pili. Wapo kati yetu, hata hivyo, wanaojiwekea mfungo wa kutokunywa maji mchana kutwa kwa siku zote 40, huku wakimeza dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni ili waweze kutembea. Dawa hizo mwilini mwa mtu aliyekaukiwa maji huweza kuziumiza figo vibaya, na zikimezwa tumbo likiwa tupu hulichubua. Anayetumia dawa za baridi yabisi kama methotreksati, ile inayomezwa mara moja kwa wiki, au sulfasalazini, ajue pia kwamba dawa hizo huweza kuifanya ngozi idhurike upesi na jua, na asipunguze wala kuruka dozi kwa sababu ya Kwaresima bila kuzungumza na daktari. Kama unatafuta sadaka ya kumtolea Mungu, subira ya mgonjwa anayeamka mara kadhaa usiku wa joto kugeuza mguu unaouma, na asubuhi akawasalimu wa nyumbani mwake kwa upole, ni sadaka ya kutosha, tena si ya kubuni.

Kuna pia uchungu wa kutopiga magoti. Wagonjwa wengi wameniambia kwamba maumivu ya goti wanayavumilia, ila hawavumilii kubaki wameketi wakati wa mageuzo, yaani mkate na divai vinapogeuzwa kuwa Mwili na Damu ya Kristo, huku kanisa zima limepiga magoti, wakihisi macho ya watu mgongoni. Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi, namba 43, yanataja afya kuwa sababu halali ya kutopiga magoti, na yanamwomba asiyepiga magoti ainame sana wakati padre anapopiga goti baada ya mageuzo. Asiyeweza hata kuinama, na ainamishe moyo. Waraka kwa Waebrania, unapotafuta tendo moja la imani katika maisha yote marefu ya Yakobo, hauchagui ndoto ya ngazi wala mashindano ya Yaboki. Unachagua uzee wake karibu na kufa, alipowabariki wana wa Yusufu, "akaabudu akiegemea kichwa cha fimbo yake." Fimbo imetajwa ndani ya ibada yenyewe.

Ndugu zangu wenye afya, somo la kwanza la Dominika hii linawahusu ninyi pia. Tunasoma Kutoka 17 hadi aya ya saba, Waisraeli wakilia kiu huko Refidimu na Mungu akiwapa maji mwambani pamoja na manung'uniko yao. Endeleeni nyumbani hadi aya ya 12. Waisraeli walikuwa wakipigana na Waamaleki, na Musa aliinua mikono kilimani ili washinde. Mikono ya Musa ilikuwa mizito, wakatwaa jiwe wakamwekea akaketi juu yake, Haruni na Huri wakaitegemeza mikono yake, huyu upande huu na huyu upande huu, hata jua likachwa. Hawakumwambia Musa ajikaze. Hawakungoja aombe. Waliuona uzito wa mikono wakaleta jiwe.

Katika jumuiya yetu jiwe hilo lina sura za kawaida kabisa. Njia ya Msalaba ya Ijumaa ina vituo 14, na tumezoea kuizungusha uwanjani mchana, kila kituo tukipiga magoti kwenye kokoto. Napendekeza ihamie saa kumi na moja na nusu jioni, upande wenye miembe, viti viwekwe kwenye baadhi ya vituo, na kiongozi aseme mwanzoni kwamba anayehitaji kuketi aketi. Ndoo ya maji safi na vikombe viwepo. Ibada ya Jumamosi nyumbani kwa mgonjwa ianze saa ambayo mgonjwa mwenyewe ataitaja, hata kama ni saa kumi jioni. Na paroko aombwe Mpako Mtakatifu kwa wale ambao ugonjwa umewalemea, maana sakramenti hiyo haikuwekwa kwa ajili ya walio katika saa ya kufa peke yao.

Kwa upande wetu sisi wagonjwa limebaki jambo gumu kuliko yote, nalo ni kuomba. Bwana wa mbingu na nchi alimwomba maji mwanamke mgeni, wa taifa lisilochangamana na lake, kwa sababu kisima kilikuwa kirefu na hakuwa na chombo cha kutekea. Alikuwa na haja, akaisema. Sisi tunaweza kukaa siku nzima na kiu kwa kuwa ndoo iko mbali na mtoto wa jirani tunaona haya kumtuma. Wiki hii kila mmoja wetu amtaje mtu mmoja, kwa jina, atakayemwomba kitu kimoja: kufunguliwa kifuniko cha dawa, kubebewa ndoo, kusindikizwa kliniki kabla jua halijapanda.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyechoka kwa safari ukaketi, uwaangalie wenye viungo vilivyovimba katika joto hili. Uwape usingizi usiku wa leo. Uwaongoze madaktari na wauguzi wanaowahudumia, uwafikishie dawa wale ambao hawawezi kuzinunua, na utuonyeshe sisi wengine ni wapi tuweke kiti. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.