Kumtafutia Msomaji Mdogo Kitabu Chake cha Kwanza Chenye Sura

Binti yangu ana umri wa miaka minane na yupo darasa la tatu hapa Kigoma. Tangu mwaka jana amekuwa akisoma mwenyewe vile vitabu vyembamba vya hadithi, ambavyo picha hujaza nusu ya ukurasa na kisa huisha kabla ugali haujaiva, na siku moja alinijia na lalamiko ambalo sikulitarajia: "Baba, hivi vinaisha upesi mno." Nilifurahi kupita kiasi. Nilikwenda Mwanga, eneo la hapa hapa mjini, nikaingia katika duka linalouza madaftari, vitabu vya kiada na vitabu vichache vya ziada, nikamnunulia kitabu kinene chenye sura kumi na mbili. Nilikichagua kwa sababu jalada lilisema kwamba kinafaa darasa la tatu na la nne, na kwa sababu nilidhani kwamba unene ndio alioniomba. Alisoma sura ya kwanza, akafika katikati ya sura ya pili, kisha kitabu kikahamia juu ya kabati, ambako kipo hadi leo.

Kosa lilikuwa langu, na ilinichukua miezi kadhaa kulielewa.

Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishazimudu silabi zake, kuanzia ba, be, bi, bo, bu hadi zile ngumu za ng'a na mbwa, anaweza kutamka karibu neno lolote utakalomwekea mbele, liwe analijua au halijui. Hiyo ni neema kubwa, lakini humdanganya mzazi. Nilimsikiliza binti yangu akisoma kwa sauti kwamba jahazi lilitweka tanga na nahodha akashika usukani, wala hakukwama popote. Nilipofunga kitabu na kumwomba anisimulie alichosoma, alinijibu kwamba kulikuwa na watu na kitu kikubwa. Huyu ni mtoto wa kando ya ziwa, anayejua mitumbwi, karabai, dagaa na migebuka, na anayeujua mwalo wa Kibirizi pengine kuliko mimi baba yake, ila hajawahi kuona jahazi wala kusikia mtu akilitaja nyumbani. Kisa kilikuwa cha majini kweli, lakini maji yenyewe yalikuwa ya pwani.

Sina ugomvi na maneno ya pwani, kwani kukutana na maneno mageni ndiyo faida mojawapo ya kusoma. Shida ni kiasi. Walimu na wakutubi wa nchi nyingi hutumia kipimo cha vidole vitano: mtoto hufungua ukurasa wowote wa katikati, hukunja kidole kimoja kwa kila neno linalomshinda, na vidole vyote vitano vikikunjwa kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho kinangojea mwakani. Kwa Kiswahili nimelazimika kukirekebisha kidogo. Binti yangu hakunji kidole kwa neno asiloweza kulitamka, maana hayo ni machache mno, bali kwa neno ambalo hawezi kunieleza maana yake hata kwa kukisia. Tulipokirudia kile kitabu kinene kwa kipimo hicho, vidole vya mkono mmoja viliisha kabla hatujafika nusu ya ukurasa.

Kuna wanaopima vitabu vya watoto kwa idadi ya maneno, na kwa Kiingereza hilo lina mantiki yake. Kwetu linapotosha. Nikisema "nimekuletea kitabu" nimetumia maneno mawili, ilhali Mwingereza angehitaji sita kusema jambo lile lile, kwa kuwa neno letu moja hubeba mtendaji, wakati, mtendewa na kitendo chenyewe. Kwa hiyo kitabu cha Kiswahili chenye maneno elfu tatu si kidogo kama kinavyoonekana, na uzito wake kwa mtoto unategemea zaidi urefu wa maneno yenyewe. Jioni moja binti yangu alikutana na sentensi iliyoanza kwa "Waliponyang'anywa mtumbwi", akasoma "wali", akatua, akaniuliza ni nani aliyekuwa anakula. Tulicheka, lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikitazama jambo ambalo zamani nisingelijali, yaani jinsi wachapaji wanavyoyakata maneno marefu kwa kistari mwishoni mwa mstari. Mtu mzima haoni taabu yoyote. Kwa mtoto anayetoka kwenye vitabu vya sentensi mbilimbili kwa ukurasa, neno lililokatwa vipande viwili ni maneno mawili yasiyo na maana. Nikikuta kistari cha namna hiyo mara tatu katika ukurasa mmoja, nakirudisha kitabu, hata kama kisa ni kizuri. Maandishi makubwa kiasi, nafasi ya kutosha kati ya mistari na picha moja moja ya kupumzishia macho ni mambo yanayoonekana kwa kupekua tu, kwa hiyo sitayazungumzia sana.

Jambo lililonichelewesha zaidi kulitambua ni sura zenyewe. Nilikuwa nimeichukulia sura kama kipande cha kitabu, kumbe kwa msomaji mpya ni kazi ya aina nyingine kabisa. Katika kitabu chembamba mtoto huanza na kumaliza kwa kikao kimoja. Katika kitabu chenye sura anatakiwa alale na kisa kichwani, aende shule, acheze, arudi, kisha akiendeleze pale alipokiachia, akiwa bado anakumbuka nani alimkasirikia nani na kwa nini. Hilo halikuwa limefundishwa popote, nami niliamua kulifundisha bila kitabu.

Kwa usiku tano nilimsimulia habari za Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, ambayo anaifahamu tangu utotoni. Usiku wa kwanza niliishia pale meli ilipokwisha kuundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kupakiwa katika maelfu ya masanduku. Usiku wa pili masanduku yalivuka bahari hadi Dar es Salaam, yakapanda treni ya reli iliyofika Kigoma mwaka 1914. Usiku wa tatu meli iliunganishwa upya, ikashushwa ziwani mwaka 1915 ikiwa na jina lake la Kijerumani, na vita vikawa vimepamba moto. Usiku wa nne, Julai 1916, Wajerumani waliona wanazidiwa, wakaipaka mitambo yake grisi nene na kuizamisha wenyewe. Hapo nikanyamaza na kuzima taa. Asubuhi, hata kabla ya shikamoo, niliulizwa: "Baba, ile grisi ilisaidia?" Jibu alilipata usiku wa tano, pale Waingereza walipoiibua mwaka 1924 na kuirudisha kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, mitambo yake ikiwa bado inafaa.

Kuanzia hapo nilijua ninachotafuta. Sura iwe fupi kiasi cha kumalizika kwa kikao kimoja, yaani kurasa tano au sita kwa kasi yake ya sasa, na iishie mahali panapomwachia swali la kulala nalo. Wahusika wawe wachache. Nilipokipekua tena kitabu cha juu ya kabati, nilihesabu watu tisa katika sura ya kwanza peke yake, na wawili kati yao waliitwa kwa jina hapa na kwa cheo pale, hata mimi nikapotea. Kama daraja la kuvukia, tulitumia kwanza hekaya za Abunuwasi, kwa sababu mhusika ni yule yule kila siku lakini kila hekaya inajitegemea, na mtoto akisahau ya jana hapati hasara. Nawapendekezea wazazi wengine njia hiyo.

Nina kinyongo kimoja. Vitabu vingi vya ziada hupachika maswali ya ufahamu mwishoni mwa kila sura, kana kwamba hakuna mtoto anayeweza kusoma bila kusahihishwa. Sanduku linakaribia kufunguliwa, mwizi yupo mlangoni, halafu: taja wahusika watatu wa sura hii. Nimemruhusu binti yangu ayaruke yote. Anaulizwa vya kutosha darasani.

Jirani aliniuliza kwa nini sikumtafutia vya Kiingereza, ambavyo ni vingi na vina picha nzuri. Nilimjibu kwamba pumzi ya kusoma kisa kirefu hujengwa katika lugha ambayo mtoto anaielewa bila kusaidiwa, na Kiingereza kitaikuta pumzi hiyo tayari. Vitabu vya Kiswahili vya wanaoanza kabisa vipo, na Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, umechangia sana katika kuvifikisha shuleni. Ninachokikosa katika maduka ya hapa ni ngazi ya kati, baina ya kijitabu cha picha na riwaya ya shule ya sekondari.

Ndiyo maana wiki iliyopita nilimtuma mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam. Alinipigia simu akiwa dukani, akaniuliza mtoto yupo darasa la ngapi, nami nikamwambia aachane na darasa, ahesabu kurasa za sura ya kwanza na atazame vistari mwishoni mwa mistari. Kurasa sita, akasema, na kistari kimoja tu. Nikamwomba atusomee ukurasa wa kumi, nikaweka simu kwenye spika, na binti yangu akakaa mkao wa kazi, mkono wake umekunjuliwa juu ya goti. Msomaji alianza kwa aibu, kwa kuwa alikuwa amesimama katikati ya watu, kisha akachangamka. Kidole cha kwanza kilikunjwa kwenye neno "mnajimu", na cha pili kwenye "kitendawili cha mfalme", ambacho nadhani alikikunja kwa wasiwasi tu. Ukurasa ukaisha na vidole vitatu vikiwa vimesimama.

"Endelea, Baba Mdogo," akasema.

"Muuzaji ananitazama vibaya, mwanangu."

"Basi kinunue, kisha uendelee ukiwa nje."

Kitabu kimeshapakiwa kwenye basi.