Kaskazi Iliyokuja na Mvua

Mtu wa Pangani, huku pwani ya Tanga, haulizi Januari kuna nini. Kuna kaskazi, upepo utokao kaskazini, kuna jua la kiangazi, na kuna mbata, nyama ya nazi ya kukausha, zimeanikwa kila ua. Vuli imekwisha, masika yako mbali. Wenye majahazi wana upepo wao, na mwenye minazi anajua huu ndio wakati wake wa kupasua. Januari ya 1998 haikuwa hivyo hata kidogo. Mvua iliyoanza Oktoba 1997 ilipita Novemba, ikapita Desemba, ikavuka mwaka pamoja nasi.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa kwa babu nikisubiri matokeo. Kazi yangu kubwa ilikuwa kumsaidia shambani na kumfuata barazani, na barazani mwaka huo hapakuwa na habari nyingine. Siasa zilikaa kando, mpira ukakaa kando. Hata salamu zilikuwa za mvua. Ukisema shikamoo unaitikiwa marahaba, halafu papo hapo: "Mmeamkaje na mvua? Kwenu panavuja?"

Lakini sikumsikia hata mtu mmoja akiilaani. Ili uelewe kwa nini, lazima ukumbuke mwaka uliotangulia. Vuli ya 1996 haikunyesha. Mihogo ilikauka ardhini, visima vya upande wa mashamba vikatoa matope, na watu wakatoka kuswali sala ya kuomba mvua, wazee mbele na sisi watoto nyuma. Watu walioomba mvua namna ile hawawezi kuisema vibaya inapokuja. Mama mwenye kuni mbichi na paa linalovuja alisema, "Imezidi kidogo, lakini alhamdulillahi." Nahodha ambaye mzigo wake ulikuwa umelowa bandarini alisema, "Ni rehema, ila itupe nafasi." Nilijifunza adabu kubwa katika sentensi hizo fupi, na bado naiheshimu.

Ramadhani nayo iliangukia mwezi huohuo. Kufunga Januari kwetu ni kiu. Ikifika alasiri midomo imepasuka, watu wamelala kwenye vivuli. Mwaka huo tulifunga kwa ubaridi. Wazee walilizungumza jambo hilo kwa mshangao wa kweli: saumu ya kiangazi isiyo na kiu, mtu anaswali adhuhuri amejifunika shuka.

Baada ya tarawehe baraza la nje ya msikiti lilijaa. Kulikuwa na mwalimu mmoja aliyekuwa na redio, na kwa redio hiyo ndipo tulipopata jina la Elnino. Mwalimu alieleza vizuri, kwa utulivu: bahari ya Pasifiki, upande wa Peru, imepata joto kupita kawaida, na joto hilo linavuruga mvua za dunia nzima. Alichora hata ramani kwa kidole kwenye mchanga. Nahodha aliitazama ramani ile muda mrefu, akauliza, "Mwalimu, mimi Peru sijafika. Hii bahari iliyo mbele yetu hapa, yenyewe ina nini? Maana mimi naiona haiko sawa."

Akaeleza anachokiona. Kaskazi imechelewa, na ilipokuja ikawa inalegea na kugeuka. Mawingu yanapanda kutoka baharini, mashariki, na wala hayatoki bara juu ya milima ya Usambara. Umande wa alfajiri, ule upepo wa nchi kavu unaosukuma ngalawa nje, siku nyingine haupo kabisa. Babu alikuwa na hesabu yake ya miongo, siku kumi kumi tangu Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, kama walivyohesabu baba zake. Akasema kwa hesabu hiyo tumo ndani kabisa ya kiangazi, na hajapata kuona mwongo kama huu ukiwa na mvua. Mwalimu hakubisha. Alisema tu redio haikuitaja bahari yetu.

Babu hakuwa anazungumza kujifurahisha. Nyuma ya nyumba alikuwa na lundo la nazi zilizokwisha kufuliwa, yaani kutolewa makumbi, na mnunuzi wa Tanga alikuwa ameahidi kuja na lori mara barabara itakapopitika. Nazi iliyofuliwa haikai milele. Ukishaipasua ndiyo kabisa: inataka jua siku kadhaa mfululizo, nyama isinyae na kuachana na kifuu, uibandue, uianike tena. Mvua ikiikuta katikati, inateleza, inaota kuvu, inanuka, na hakuna mnunuzi atakayeigusa. Kwa hiyo swali la kila usiku, hata likizungushwa vipi, lilikuwa moja: tupasue au tungoje?

Halafu ikaja asubuhi moja ya jua.

Tulitoka kwenye swala ya alfajiri mbingu ziko wazi, nyota zote zinaonekana. Jua lilipochomoza halikuwa na wingu hata moja. Mto ulikuwa bado mwekundu kwa udongo wa huko juu, lakini ng'ambo, Bweni, ungeweza kuhesabu minazi. Watu walitoka na kila kilicholowa: magodoro, mikeka, nguo, misahafu. Jirani yetu alikuja moja kwa moja uani kwa babu. "Mzee, hii ndiyo siku. Kiangazi kimerudi mahali pake. Tukipasua leo, Ijumaa tumemaliza." Wengine wawili wakaunga mkono. Nahodha akasema upepo unamridhisha. Babu akanituma nikalete shoka.

Nilipokuwa nalitafuta, akaingia Bi Mkubwa, dada yake babu. Alikuwa mama mfupi, mkimya, haji barazani wala haulizwi mambo ya hewa, maana hayo yalihesabiwa kuwa ya wanaume wa bahari na shamba. Alikuwa amekuja kwa shughuli nyingine kabisa. Akaona mkusanyiko, akaona shoka mkononi mwangu, akamuuliza babu, "Unapasua?"

"Napasua, dada. Jua umeliona."

"Mwaka wa uhuru pia tuliliona."

Wote wakanyamaza. Nahodha, ambaye alikuwa mtu wa kuhoji kila kitu, alimvutia kiti. "Hebu tueleze, Bi Mkubwa. Mwaka wa uhuru kulikuwaje?"

Alivyoeleza ndicho kitu kilichonifanya niikumbuke siku hii kuliko zote za msimu ule. Hakusema "zamani kulikuwa na mvua kubwa," kama wazee wengi wanavyosema. Alitaja vitu. Alisema mwaka ule, 1961, ulianza kwa ukame, kama huu wetu ulivyotanguliwa na ukame. Vuli ikashuka kwa nguvu. Bendera ya Tanganyika ilipandishwa tarehe 9 Desemba, yeye akiwa na mtoto wake wa kwanza bado ndani ya arobaini, na anakumbuka kwa sababu walimhamishia pembe ya nyumba ambako makuti hayakuvuja. Arobaini ikaisha, mvua haijaisha. Kaskazi ikaja nayo ikaleta mvua. Katikati, anasema, lilipatikana jua zuri, siku mbili au tatu, watu wakafurahi, mumewe akapasua nazi zake zote. Mvua ikarudi. "Tulizitupa mtoni," akasema. "Mimi na yeye, kwa vikapu."

Nahodha hakumkubalia hivi hivi. Alimuuliza upepo wa siku zile za jua ulikuwa unatoka wapi. Akajibu hajui upepo, ila moshi wa jikoni ulikuwa unaingia ndani, na jiko lake lilikuwa upande wa baharini. Nahodha akafikiri. Akauliza bahari ilikuwaje. Bi Mkubwa akasema walipokwenda kuvua pweza maji yalipokupwa sana, maji yaliyobaki kwenye vidimbwi yalikuwa na joto la kusumbua miguu, hata asubuhi. "Na sasa?" akauliza babu. Bi Mkubwa akasema wanawake wanaokwenda pwani wanalalamika hivyohivyo, ila hakuna aliyewauliza.

Nilimtazama mwalimu. Alikuwa amekaa kimya na redio yake mapajani, haijawashwa.

Babu alichukua shoka mkononi mwangu. Nilidhani anakwenda kuzipasua. Badala yake alinipa panga, akasema twende tukakate boriti za chanja, kitanda cha miti cha kukaushia juu ya moto.

Jua lile lile tulilolingoja tulilitumia kujenga. Tuliinua chanja ya kiuno cha mtu chini ya banda la makuti, tukaifunga kwa kamba za makumbi, tukachimba shimo la moto chini yake. Vijana wa jirani walitusaidia wakiwa wamefunga, midomo mikavu, maana siku hiyo kiu ilirudi kweli. Moto wa mbata una ufundi wake. Mimi nilianza kurundika makumbi kwa sababu yalikuwa mengi, babu akayatoa kwa mguu: makumbi yana moshi mwingi, mbata inakuwa nyeusi na kuchukua harufu. Unataka vifuu. Unavipanga kimoja ndani ya kingine mstari mrefu, unawasha upande mmoja, na moto unatembea polepole wenyewe, una joto, moshi haba. Alinionyesha jinsi ya kuweka kiganja juu ya chanja: ukiweza kukistahimilisha kwa kuhesabu pole pole hadi kumi, joto linatosha, ukishindwa mapema, nyama itaiva nje na kubaki mbichi ndani. Nazi zikapasuliwa alasiri, maji yake tukayaacha yaende, na vipande vikalazwa juu ya fito, uso ukitazama moto.

Watu walipita wakashangaa. Jua lote hili, na mzee anakausha kwa moto? Jirani yetu yeye alipasua zake na kuzianika uwanjani, na hakuna aliyemwambia neno. Kila mtu na mali yake.

Jua liliwaka siku iliyofuata pia. Usiku wa siku hiyo, tukiwa bado barazani, harufu ya mvua ikafika kabla ya mvua. Watu wakakimbia. Sisi tulikimbilia kwa jirani, si kwetu, tukamsaidia kukusanya zake gizani kwa mikono, kwa mikeka, kwa kanga. Babu akamwambia azilete kwenye chanja. Hazikutosha zote, lakini zilizotosha zilikauka, na tulikesha kwa zamu tukiulisha moto vifuu huku mvua ikipiga makuti mpaka daku.

Lori lilipofika, baada ya barabara ya Tanga kukauka kidogo, mnunuzi alizigeuza mbata zetu mkononi, akanusa, akasema za jua zingempendeza zaidi. Akazichukua zote. Mwezi ule hapakuwa na za jua za kuchagua.

Miaka mingi baadaye nikiwa chuoni nilikutana na jambo lililonirudisha barazani pale. Mwaka 1999 kundi la watafiti lililoongozwa na N. H. Saji liliandika katika jarida la Nature kuhusu tabia ya Bahari ya Hindi yenyewe. Katika miaka fulani upande wa mashariki, karibu na Sumatra, maji hupoa, na upande wa magharibi, huku kwetu Afrika, maji hupata joto. Upepo unavuma kutoka mashariki kuja huku, mawingu yanahamia kwetu, na vuli inakuwa kubwa mno. Kati ya miaka waliyoitaja imo 1961, na imo 1997. Niliusoma mstari huo mara kadhaa. Mwaka 1961 Pasifiki haikuwa na Elnino. Kwa maelezo ya redio peke yake, mvua ya mwaka wa uhuru isingekuwa na sababu. Lakini mvua hiyo ilinyesha, tena kiasi cha kulipandisha Ziwa Viktoria zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Nahodha alikuwa ameuliza swali sahihi kabisa, na aliyekuwa na jibu alikuwa mama mmoja ambaye hakuna aliyekuwa na desturi ya kumuuliza. Natamani wote wawili wangekuwa hai nikawasomee.

Bi Mkubwa baada ya siku ile alikuwa na kiti chake. Hakukaa sana, lakini akipita, wanaume walimsimamisha: "Bi Mkubwa, baada ya ile ya uhuru, masika yalikujaje?" Naye alikuwa akifikiri kwanza, akitafuta mtoto gani alikuwa na umri gani, nani aliolewa, nani alizikwa, ndipo ajibu. Pale asipokumbuka alisema hakumbuki, na nahodha alimwamini zaidi kwa hilo.

Vuli ya 1998 haikuja. Oktoba ilipita kavu, Novemba ikapita kavu, na barazani watu waliangalia mashariki wakitafuta wingu. Jirani yetu akauliza kama tukaswali tena ile sala. Babu akasema tukaswali, na kwamba safari hii mtu aende akamuulize dada yake mwaka gani mwingine mvua kubwa ilifuatwa na ukame, na waliishije.