Kompyuta ni za mwisho: tulivyofunga GoTHOMIS kwa fedha za kituo

Kila mganga mfawidhi anayetaka kuachana na makaratasi huambiwa jambo lilelile: subiri mradi, mfadhili atakuja na kompyuta zake. Sisi hatukusubiri. Kituo chetu cha afya kimefunga GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali wa kuendeshea hospitali na vituo vya afya, kwa fedha za umma zilezile zinazonunua dawa na glovu, na nasema bila haya kwamba fedha haikuwa kikwazo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 mgawo wa Mfuko wa Pamoja wa Afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Kinachoangusha vituo vingi ni vitu vidogo visivyoandikwa kwenye mpango.

Kwanza, msiuziwe mfumo mtaani. Tuliletewa mmoja wenye rangi za kupendeza, mwenyewe akitaka malipo kila mwaka. GoTHOMIS ni mali ya serikali, leseni hulipii, na malipo ya mgonjwa yanapitia namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali (control number). Ukifunga wa mtaani kwenye kituo cha umma utajibu maswali ya Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019, na mkaguzi hana utani.

Kazi huanza miezi kadhaa kabla ya Julai, wakati wa kuandaa mpango. Kitu kisichomo kwenye PlanRep, mfumo wa serikali wa mipango na bajeti, hakilipiki hata akaunti ikiwa imejaa. Usiandike shughuli moja ya "kununua vifaa vya TEHAMA" ukamwaga humo kila kitu. Andika kituo kitafanya nini: kufunga mfumo mapokezi, dirisha la malipo, maabara na dirisha la dawa ifikapo mwezi fulani. Kisha orodhesha kila kitu kwa idadi, bei na kifungu chake cha bajeti. Kompyuta ni mali ya kudumu, ina kifungu chake. Ujira wa fundi una chake. Umeme, karatasi za risiti na matengenezo vina vyake. Ukivichanganya utajikuta una fedha benki na fundi yuko mlangoni, lakini humlipi, kwa sababu kuhamisha fedha kati ya vifungu kunaanzia kikao cha kamati ya kituo na muhtasari wake, kunapanda halmashauri, na robo ya mwaka nayo inakwisha.

Hila yetu ilikuwa kupanga bajeti kinyumenyume. Tulianza na nyaya, umeme, betri, mafunzo na karatasi. Kilichobaki chini ya ukomo wa bajeti tuliopewa ndicho kilichonunua kompyuta. Watu walicheka. Lakini ukomo ukipunguzwa, kompyuta unaweza kununua nne badala ya nane na mfumo ukatembea. Mtandao ulioishia nusu hautembei kabisa. Nimeona vituo vyenye kompyuta mpya zilizofunikwa vitambaa kama redio ya babu, kwa sababu fedha ya waya haikuwepo.

Kuhusu waya nitasema zaidi, maana hapa ndipo tulipopewa ushauri wa hovyo kuliko wote. Duka moja lilituapia kwamba ruta moja ya Wi-Fi ingetosha kituo kizima. Tukawaambia sawa, ifungeni, tujaribu kabla ya kulipa. Mapokezi ikang'ara. Maabara, kuta tatu za tofali za kuchoma mbele yake, kompyuta ilionyesha mtandao upo, ila ukibonyeza kuhifadhi jibu la malaria gurudumu linazunguka hadi mgonjwa anarudi kuuliza. Siku ya kliniki ya watoto, simu za wazazi zikijaa korido, hata mapokezi pakalala. Walibeba ruta yao, nasi hatukutoa hata senti. Dai jaribio la namna hiyo kwa kila kifaa, tena siku ya msongamano, siyo Jumapili mchana.

Tukavuta waya wa mtandao wa CAT6. Boksi lina mita 305, na bei yake ilicheza kwenye laki tatu na ushee. Usipime kwa hatua za miguu chini. Pima kwa kamba juu ya dari, mahali waya utakapopita, uongeze mita tatu kila ncha. Kipande kimoja kisizidi mita 100, ukizidisha kinakatakata data. Usikipitishe bomba moja na waya wa umeme. Na wodi ya wazazi ikiwa jengo la pembeni, usiunganishe majengo kwa waya huo wa shaba: radi ikipiga jirani, msukumo wake unaingia na kuchoma milango ya switchi (kifaa kinachounganisha nyaya za mtandao) pande zote mbili. Weka faiba, waya unaopitisha mwanga badala ya umeme, na vibadilishi viwili, kimoja kila ncha, vya kugeuza umeme kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme. Ni ghali kidogo, lakini switchi mbili zilizoungua ni ghali zaidi.

Umeme: UPS (kifaa cha betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika) ndogo ya VA 650 ina betri ya volti 12, Ah 7, yaani takriban wati-saa 84 kwa karatasi. Kompyuta ya mezani na kioo chake vinakula karibu wati 100, ukiondoa upotevu unapata robo saa hivi. Hiyo ni ya kuhifadhi kazi na kuzima au kungoja jenereta, siyo ya kuhudumia foleni. Kwenye dirisha la malipo tukaweka kompyuta mpakato yenye betri yake. Na andikeni betri za UPS kwenye mpango wa mwaka wa tatu, zitakuwa zimechoka.

Vifaa vikikaa sawa, dirisha la dawa ndilo litakalowatesa. Mtunza stoo huhesabu kwa makopo na maboksi kama ledja ilivyo. Akiingiza parasetamoli "1" akimaanisha kopo la vidonge 1,000, mfumo unaelewa kidonge kimoja. Tabibu anaandika vidonge 18, mfumo unajibu dawa haipo, mgonjwa anatumwa duka la nje na kopo limejaa mezani. Hapo kila mtu anasema mfumo mbovu. Suluhisho ni kuchagua kipimo kidogo kabisa kinachotoka dirishani: kidonge, chupa, tyubu, kichupa cha sindano. Hesabu stoo yote jioni baada ya dirisha kufungwa, watu wawili, mmoja anahesabu na mwingine anaandika, mziingize usiku huohuo kabla dawa haijatoka tena. Bei nayo iwe ya kidonge. Mkiacha bei ya kopo mtamdai mama wa watu fedha ya vidonge elfu.

Mapokezi, karani achague aina ya malipo kila mara: papo kwa papo, bima, CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii) au msamaha. Akizoea kubonyeza ile ya juu tu, mtoto wa chini ya miaka mitano atatolewa namba ya malipo, na mtasikia kelele mpaka ofisi ya kijiji.

Msifungue idara zote siku moja. Mapokezi na malipo kwanza, halafu dawa, halafu maabara, vyumba vya matabibu mwisho. MTUHA namba 5, rejista ya wagonjwa wa nje, iendelee kujazwa kwa kalamu. Kila jioni linganisheni fedha iliyoingia benki, taarifa ya mfumo na idadi ya wagonjwa kitabuni. Vikipishana tafuteni jioni ileile, kesho hakuna atakayekumbuka. Vikiwa vinalingana mwezi mzima ndipo mfungue idara inayofuata. Na kila mtumishi awe na neno lake la siri. La pamoja likitumika hamtajua nani alifuta muamala, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu pia.

Wenye seva, yaani kompyuta kuu ya mfumo, kituoni kama sisi wanunue diski mbili za nje za kuhifadhia nakala, zinazopokezana: moja kazini, nyingine nje ya jengo kwenye kabati lenye kufuli. Kila baada ya muda mrudishe nakala kwenye kompyuta ya pembeni muone kama inafunguka, na muangalie tarehe ya mgonjwa wa mwisho aliyemo.