Nilivyounda Trela ya Baba kwa Makasha ya CD

Baba aliendesha trela kati ya Mombasa na Malaba kwa miaka mingi, na katika magari yote aliyowahi kukabidhiwa, alilolipenda zaidi lilikuwa Volvo F12 ya bluu. Tulikaa Free Area hapa Nakuru, karibu kabisa na barabara kuu. Akipita usiku alipiga honi mara mbili, fupi halafu ndefu, na mama akajua yuko salama hata kama hasimami. Mimi nilikuwa kitandani nikisikiliza breki za upepo zikipumua kule barabarani.

Mchana tuliunda magari ya waya kama watoto wote wa mtaa, magurudumu tukiyakata kwenye slipa zilizochakaa. Wenzangu waliunda matatu na magari ya Safari Rally. Mimi niliunda trela tu.

Sasa Baba amestaafu. Ile Volvo iliishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na picha tuliyobaki nayo ni moja: yeye na tanboi wake wamesimama mbele ya grili, wameifunika karibu yote. Mwaka juzi niliiona picha hiyo imeanza kufifia pembeni, nikaamua nitamrudishia Baba lori lake, hata kama litakuwa la kukaa juu ya kabati.

Mimi ni fundi wa simu. Vibano, kioo cha kukuzia na taa ya mezani ninavyo tayari, na mkono wangu umezoea vitu vidogo. Nilichokosa ni lori lenyewe. Nilipoanza kusoma habari za modeli za plastiki, nikakuta kwamba kampuni za Japani, kama Tamiya ya kule Shizuoka, na zile za Ulaya hutumia sana kipimo cha 1/24 kwa magari, ilhali Wamarekani kama AMT wamezoea 1/25. Malori ya Ulaya ni kazi ya Italeri ya Italia, nayo huyaunda kwa 1/24. Maana yake ni kwamba kila sentimita 24 za gari halisi zinakuwa sentimita moja. Nikakaa na kalamu. Trela ya mita 12.2 inakuwa sentimita 51 hivi. Tairi lenye kimo cha mita moja linakuwa sentimita nne na kidogo. Kichwa, yaani sehemu ya mbele anapokaa dereva, na trela pamoja, karibu sentimita 67. Kabla ya kutafuta chochote nilienda kupima kabati la Baba. Lilitosha.

Binamu yangu aliyeko Uingereza ndiye aliyeipata: seti ya Volvo F12 ya Italeri, mkono wa pili, boksi limeshafunguliwa lakini hakuna aliyeanza kuiunda. Alikuja nayo Krismasi. Stika zake za maji, zile zinazoloweshwa kabla ya kubandikwa, zilikuwa zimegeuka njano kwa uzee, vioo viwili vya pembeni havikuwemo, na dashibodi ilikuwa moja tu, ya usukani wa kushoto. Trela haikuwemo kabisa. Gundi na rangi binamu hakuweza kubeba, kwa sababu vitu hivyo hushika moto na ndege haivitaki. Kwa hiyo kila kitu kingine kilibidi kitoke Nakuru.

Stika zilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Nilizitia kwenye mfuko wa plastiki unaoona ndani, nikazibandika kwenye kioo cha dirisha zikitazama jua. Baada ya wiki mbili za jua la Januari weupe ulikuwa umerudi.

Gundi ilinichukua muda zaidi kuielewa. Plastiki ya modeli hizi ni polistirini, na gundi yake haishiki kama gundi ya karatasi. Inayeyusha nyuso mbili, zinaingiliana, kisha dawa inaruka na unabaki na kipande kimoja. Thina ya NC, ile wanayotumia mafundi wa rangi za magari, inafanya kazi hiyohiyo. Unashikanisha vipande vikiwa vikavu, unagusa mshono kwa brashi nyembamba iliyochovywa thina, nayo inajipenyeza yenyewe. Vilevile nilikatakata mabaki ya fremu zinazoshika vipande, nikaviloweka kwenye thina usiku kucha, nikapata uji mzito. Hiyo ndiyo fila yangu, ya kuzibia mapengo, mpaka leo. Hunywea kidogo inapokauka, hivyo naiacha siku mbili kabla ya kupiga msasa. Tafadhali ifanye kazi hiyo dirisha likiwa wazi na barakoa usoni, maana mvuke wa thina unaumiza kichwa na kifua.

Supaglu nayo usiipeleke karibu na kioo. Nilibandika kioo cha mbele kwa supaglu, asubuhi nikakikuta kina ukungu mweupe, mvuke wake umeganda juu ya plastiki safi. Nilikisugua kwa dawa ya meno na kitambaa laini usiku tatu mfululizo mpaka kikaonyesha tena. Vioo vyote sasa navipachika kwa gundi nyeupe ya seremala, ambayo ikikauka haionekani.

Kazi iliyonikalia moyoni ilikuwa usukani. Baba hajawahi kuendesha gari la usukani wa kushoto maishani mwake, na singeweza kumpa lori ambalo hawezi kujiona ndani yake. Nilikata dashibodi vipande vitatu kwa ubapa wa msumeno wa chuma, ule wenye meno madogo, nikahamisha sehemu ya saa za spidi na mafuta ikaenda kulia, iliyokuwa kulia ikaja kushoto, na pengo la katikati nikaliziba kwa fila. Pedali nikazihamisha. Viti nikavibadilishana. Nilidhani nimemaliza, mpaka nikainama kutazama lori halisi limeegeshwa pale Salgaa, nikaona kwamba ukihamisha usukani, unahamisha na mkono unaoshuka kutoka kwenye boksi la stelingi hadi magurudumu ya mbele. Huo nao uko upande wa dereva, chini, penye giza, ambapo hakuna mgeni atakayeangalia. Baba angeangalia. Nikaung'oa, nikaurudishia upande wa kulia wa chesisi. Waipa nazo nikazigeuza, kwa maana hulala kulingana na upande wa dereva.

Rangi: picha imefifia, na sikutaka kumwuliza Baba kwa sababu hakujua ninachofanya. Mama ndiye aliyenikumbusha kwamba sanduku la spana la Baba lilipakwa masalio ya rangi ya lori. Nikaazima kifuniko chake, nikakipeleka jua kali kwa fundi wa kupuliza. Alichanganya bluu kwa jicho tu, tone kwa tone, akipaka kila mara pembeni ya kifuniko mpaka tukashindwa kuona mpaka. Mlango wa kwanza niliupuliza mwenyewe, nikaumwagia rangi ya kutosha ili ung'ae. Thina ikala plastiki, uso wote ukapasuka nyufa ndogondogo kama tope la ziwa wakati wa kiangazi. Nilipomwonyesha fundi aliushika kwa vidole viwili akasema, "Kijana, hii si bati. Anza na praima, kisha ipe vumbi tu. Acha ikauke. Ipe vumbi tena." Vumbi maana yake ni kupuliza kwa mbali, rangi ifike karibu imekauka. Mara nne za vumbi, msasa namba 2000 na maji katikati, kisha mkono mmoja wa mwisho ulioloa kidogo. Bluu ikatulia. Nimeunda modeli nyingine nne tangu hapo, ikiwemo Datsun 240Z ya Hasegawa, gari ambalo Edgar Herrmann alishindia Safari Rally ya mwaka 1971, na zote nimezipaka kwa njia hiyo ya vumbi.

Kisha trela. Plastiki ya karatasi ngumu wanayouziwa wenzetu wa ng'ambo hapa sikuipata. Nikaanza kutazama takataka. Chini ya vyombo vya plastiki kuna pembetatu yenye namba, na namba 6 ndiyo polistirini; namba 5 thina haiigusi. Vikopo fulani vya maziwa lala vina namba 6 lakini ni vyembamba mno kubeba kitu. Kilichonifaa ni makasha ya CD, yale magumu yanayoona ndani. Nayo ni polistirini. Kijana mmoja aliyekuwa akiuza filamu mjini alikuwa na magunia ya makasha ambayo hakuna anayeyataka tena, akaniuzia thelathini kwa shilingi 150.

Huwezi kuyakata kwa mkasi, yatapasuka ovyo. Unaweka rula ya chuma, unakwaruza mstari mmoja kwa kisu mara sita au saba, kisha unakunja na linavunjika palepale penye mstari. Kasha ni fupi, nami nilihitaji mihimili miwili ya sentimita 51, kwa hiyo niliipanga tabaka tatu kama matofali, maungio yasikutane mahali pamoja, nikaunganisha kwa thina na kuilaza chini ya betri kuukuu ya gari siku mbili. Ilitoka imenyooka na ngumu kuliko nilivyotarajia. Sakafu ni vijiti vya aiskrimu nilivyopasua katikati, maana trela ya Baba ilikuwa na mbao.

Ekseli tatu zenye tairi pacha zinataka matairi 12, na seti ilikuwa na ya kichwa pekee. Hapo nilitengeneza kalibu. Silikoni ya kuzibia sinki, ile inayonuka siki, niliikanda na wanga wa mahindi ili igande haraka, nikaikandamizia juu ya tairi moja lililopakwa sabuni ya maji. Baada ya saa chache nikalichomoa tairi, na mistari yake yote imebaki ndani. Resini ya faiba nilinunua kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ile ya kuzibia matangi. Dawa yake ya kugandisha inapimwa kwa matone, na nilipozidisha, kikombe kilipata moto mpaka nikakiweka nje sakafuni. Matairi mawili yalitoka na matundu ya hewa, nikayaweka upande wa ndani.

Turubai ni karatasi ya shashi iliyoloweshwa gundi nyeupe na maji, nikailaza juu ya mzigo wa sponji, na kabla haijakauka nikaifunga kwa uzi wa cherehani ili ibonyee penye kamba. Namba za gari alizijua mama bila kufikiri. Nilizichapa kwenye saiba: nyeupe mbele, njano nyuma, kama zilivyokuwa wakati ule, na trela ikapata yake inayoanza na Z.

Miezi minane. Jumapili moja baada ya chakula nililiweka juu ya meza.

Baba alivaa miwani. Hakugusa. Alizunguka meza, akainama mpaka shavu likakaribia kitambaa, akatazama chini ya kichwa kwa muda mrefu.

"Stelingi umeipeleka kulia mpaka chini."

"Ndiyo, Baba."

Akanyamaza. Akapita kando ya trela akihesabu ekseli kwa kidole bila kuzigusa, akafika mkiani.

"Na gogo liko wapi?"

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba nyuma ya ekseli ya mwisho, upande wa kulia, kulining'inia gogo alilolichonga mwenyewe, la kuzuia gurudumu ukisimama kwenye mteremko. Akasema hakuwahi kupanda Timboroa bila gogo hilo. Nilikwenda kuleta kijiti cha aiskrimu, kisu na kipande cha waya wa shaba kutoka kwenye chaja mbovu. Yeye akasema upana, mimi nikachonga, akasema bado, nikapunguza. Lilipofika saizi nikashika waya nianze kulifunga.

"Lete hapa," akasema, akavuta kiti, akalifunga mwenyewe.