Umeshiba au umechoka?

Mnaonifuata hapa siku zote mnajua jinsi mimi na Mzee, mume wangu, tulivyoingoja ile safari ya hoteli unayolipia kila kitu mara moja, tangu mtoto wetu wa mwisho alipomaliza shule. Tumekwenda na tumerudi salama. Tangu turudi, barua ya uhamisho wa Mzee imetoka na binti yetu mkubwa ameleta mchumba nyumbani, na hayo yote yatapata siku yake. Leo nina jambo dogo lililonikaa kooni, na lisipotoka kwa maandishi silali.

Ilikuwa usiku wa kwanza, kwenye ukumbi wa bufee. Kijana mhudumu alikuja na jagi la maji, akaniamkia, nikaitikia, akanijazia glasi. Kisha akaitazama sahani yangu, akanitazama usoni, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mama, umeshiba au umechoka?"

Nikamwambia, "Nimeshiba, mwanangu."

Akasema, "Haya, mama," akaichukua sahani, akaenda zake.

Basi, hakuna zaidi ya hapo. Hakunivunjia heshima na sauti yake haikuwa na kejeli hata chembe. Lakini swali lilinichoma, na mpaka leo nikiwa napiga pasi nalisikia. Umeshiba au umechoka. Kwa nini "au umechoka"? Mhudumu huuliza kama umemaliza, au kama utahitaji kitu kingine. Huyu aliuliza habari zangu mimi.

Mwanzo nilidhani ni ile sahani. Wali ulikuwa umeegemea tambi za jibini. Mchuzi wa nyama ulikuwa umeteremka mpaka kwa samaki, samaki kalowa upande mmoja, na saladi niliyoibana ukingoni ilikuwa imenyong'onyea kwa joto la jirani zake. Pembeni, kwenye kisahani chake, kulikuwa na keki iliyoumwa mara moja tu. Kila kimoja peke yake kilikuwa kizuri. Vikiwa pamoja, hakuna nilichokionja sawasawa.

Mzee alikuwa ametoa msimamo wake tangu tulipofungwa vile vibangili mkononi pale mapokezi. Tumeshalipia. Chakula, vinywaji, vitafunwa vya saa kumi, vyote vimo ndani ya bei, kwa hiyo tule mpaka hela irudi. Wengi husema hivyo, na ninaelewa kwa nini, maana hela yenyewe tuliikusanya kwa jasho. Lakini nyinyi mnaijua kazi yangu. Mimi ni mtu wa hesabu za stoo, na fedha iliyokwisha kutoka imetoka, ule sahani moja au ule tano. Mwaka 1985 watafiti Hal Arkes na Catherine Blumer walichapisha jaribio lao la tiketi za msimu wa maigizo katika Chuo Kikuu cha Ohio. Baadhi ya wanunuzi waliuziwa kwa bei kamili, wengine wakapewa punguzo ambalo hawakulitarajia. Maigizo yalikuwa yale yale, viti vile vile, lakini katika nusu ya kwanza ya msimu waliolipa bei kamili ndio waliohudhuria zaidi. Hela iliyokwisha toka ndiyo iliyowainua kitini nyumbani. Mezani nayo inafanya hivyo hivyo: inakuinua kwenda kuchota wakati tumbo lilishasema basi.

Na bufee yenyewe ina nguvu zake. Mwaka 1981 mtafiti wa ulaji Barbara Rolls na wenzake waliwapa watu sandwichi, na waliopata zenye vijazo vinne tofauti walikula kwa theluthi moja zaidi ya waliopata za kijazo kimoja. Ulimi huchoshwa na ladha moja. Ukiletewa nyingine unaamka upya. Sasa fikiria ukumbi mzima wenye ladha zinazopishana toka mlangoni hadi kwenye matunda. Mkate na wali mara nyingi hupangwa mwanzoni, sahani inajaa kabla hujafika kwa yule mpishi aliyesimama nyuma ya jiko anakaanga mbele ya watu, naye ndiye mwenye chakula cha moto kuliko chote.

Hayo yote nilijiambia kitandani, huku Mzee anakoroma. Ni maelezo mazuri ya kushiba. Hayakujibu lile la pili.

Ndipo usiku wa manane ikanijia: yule kijana alikuwa ameniona nikiinuka. Niliinuka kumletea Mzee supu. Nikainuka kumpelekea sahani ya nyama, maana najua anavyoipenda. Nikainuka kumtafutia pilipili, nikainuka tena kwa ajili ya matunda yake, na katikati ya safari hizo ndipo nilipokuwa nikijitupia chochote kilicho karibu na mkono. Tumekwenda hoteli ya watu wazima tu, mahali pasipo na mtoto hata mmoja wa kukatiwa nyama, wala wa kusema mama sitaki hiki, na bado mimi niko kwenye foleni nimebeba sahani ya mtu mwingine. Mhudumu anaijua sura hiyo. Ndiyo kazi yake mwenyewe.

Nilikaa kitandani nikalia kidogo, nawaambia kweli. Si kwa huzuni. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho mtu alisimama mbele yangu wakati wa chakula akaniuliza kama nimechoka.

Asubuhi nikamwambia Mzee, neno kwa neno. Alinyamaza muda mrefu, akasema, "Leo naleta mimi." Na alileta. Alileta mayai yaliyokaangwa wakati ule ule, kingo zikiwa bado zinatoa povu la siagi, na ndani hamna kitu ila vitunguu na uyoga, kama nilivyoagiza. Tulikula hicho na matunda, basi, tukakaa tunaitazama bahari. Tangu pale tukabadilisha namna yetu ya kula, na kwa sababu dada zangu wawili wameniandikia kuuliza maana wanakwenda mahali kama hapo, nawaandikia hapa hapa.

Siku ya kufika, kabla hata ya kufungua begi, nendeni mapokezi mkaulize ile mikahawa ya kuagiza kwa menyu. Hoteli nyingi za aina hii zinayo, imo ndani ya bei, lakini meza ni chache na nyingine zinaweka kikomo cha mara ngapi mgeni anaruhusiwa. Anayesubiri hadi siku ya tatu anapewa saa ambazo hakuna anayezitaka. Ulizeni na mavazi. Mingi haikubali mwanamume mwenye kaptula au kandambili usiku. Ulizeni vilevile kipi hakimo, kwa sababu kamba wakubwa na mvinyo wa daraja la juu mara nyingi hulipiwa pembeni, na ni afadhali kujua kabla ya kuagiza kuliko baada ya kula. Mwenye mzio wa kitu chochote aonane na mpishi mkuu mapema, ana kwa ana. Asitegemee vibandiko vya kwenye bufee, maana kijiko cha chombo kimoja huhamia kingine mgeni akigeuka tu.

Kwenye bufee, zungukeni kwanza na mikono mitupu. Mzee alicheka nilipomwambia, lakini alizunguka. Nendeni mlango unapofunguliwa, vyombo vikiwa vimetoka jikoni sasa hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha moto kikae juu ya nyuzi joto 60 za Selsiasi na cha baridi chini ya 5, na kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Kwa hiyo trei isiyotoa mvuke, na mayonezi iliyokaa juani kando ya bwawa, mimi napita. Chukueni vitu viwili vitatu, mle, mkae. Tumbo huhitaji kama dakika 20 kutuma habari zake, na pale hakuna anayewafukuza mezani.

Na mikahawa ya menyu haina sheria kwamba lazima uchukue chakula kikubwa. Hilo ndilo nililolipenda kuliko yote. Nyumbani ukiagiza mahali unahesabu bei, kwa hiyo unachagua unachokijua. Pale unaweza kuagiza vianzio viwili ukaacha chakula kikubwa, mkala kimoja wawili, ukajaribu kitu ambacho hujawahi kukitia mdomoni, na kikikushinda hujapoteza chochote. Mimi nilikula pweza wa kuchoma. Mkono wake ulikuwa umeungua kidogo nchani, ukavunjika kwa uma bila kupigana, na ndani mweupe, laini, na harufu ya moshi na limau. Nilimla polepole mpaka mwisho, na sikuinuka kwenda popote. Tulikaa pale saa mbili. Mzee akanisimulia habari za kazini kwake ambazo hajawahi kunisimulia, na mimi nikamsikiliza nikiwa nimekaa kwenye kiti kimoja.

Nilisoma kwamba Gérard Blitz alipoanzisha Club Med, kampuni ya hoteli za likizo, mwaka 1950, kwa mahema ufukweni Alcúdia, kisiwani Mallorca, bei moja ilibeba malazi na chakula pamoja. Jamaika ikaja na hoteli za wawili wawili, Couples kule Ocho Rios mwaka 1978, kisha Sandals kule Montego Bay mwaka 1981. Naona uzuri wa mpango ule ni kwamba mtu anaweka pochi ndani ya sefu na kuisahau. Sisi usiku wa kwanza tuliileta pochi mezani, imo kichwani, na mimi juu yake nikaleta na jiko langu la nyumbani. Usiku wa pweza vyote viwili vilibaki chumbani.

Nilitamani nimjibu yule kijana upya. Kila usiku nilimtafuta kwa macho. Siku ya kuondoka nikaenda mpaka mlango wa jikoni kumuulizia, wakaniambia yuko mapumziko, nikaacha barua kwa mkuu wa zamu nikiomba aandikwe vizuri. Sijui kama ilimfikia. Jibu lenyewe nimelipanga mara nyingi. Wakati mwingine namwambia, "Nimechoka, mwanangu, na sijashiba." Wakati mwingine namuuliza yeye, "Na wewe je? Umekula saa ngapi leo?" Hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu alikuwa amesimama tangu jioni.

Tangu turudi Mzee anajipakulia mwenyewe, na juzi mbele ya mgeni wa binti yetu aliinuka akaniletea maji. Mchumba wa watu akaona, naye akainuka akachukua jagi. Nilifurahi mno.

Kinachonikosesha raha sasa ni mama. Leo amenipigia kuniuliza tumerudi lini, na Jumamosi nzima nilikuwa naye sebuleni kwake tunatazama picha za safari. Jioni akapiga tena, swali lile lile. Kaka anasema ni uzee tu, tumwache apumzike. Mimi siafiki. Nimeomba ruhusa kazini Alhamisi nimpeleke akapimwe, na kaka nimemwambia aje na lile faili lake la zamani la hospitali, maana liko kwake na kila nikimuuliza ananiambia atalitafuta.